Siku ya Gorogoro: Jinsi ya Kuandaa Mchango wa Benki ya Chakula Mtaani Nakuru

Ukitaka mchango wa chakula uharibike, anza na fulana. Chapisha fulana, kodi tenti, tafuta MC mwenye mdomo, kisha siku yenyewe ikifika ndipo uulize mahindi yatalala wapi. Nakuru tumeyaona hayo: Jumamosi muziki unalia hadi jioni, Jumatatu magunia yamerundikwa kwenye veranda na hakuna anayejua yanaenda kwa nani. Ikifika Ijumaa, panya wameshajua.

Mwongozo huu unakwenda kinyumenyume. Unaanza na atakayekula, unarudi kwenye stoo, na tukio lenyewe linakuja baadaye kabisa. Umeandikwa kwa kikundi kidogo: vijana wa kanisa au msikiti, chama cha akina mama, timu ya mpira, wanafunzi wa Egerton au Kabarak wenye Jumamosi moja ya kutoa. Mfadhili si lazima. Mnachohitaji ni watu kumi wanaoaminiana, chumba kikavu, mizani na daftari.

Benki ya chakula yenyewe haina ajabu. Ya kwanza ilianzishwa Phoenix, Marekani, mwaka 1967 na John van Hengel, mtu aliyekuwa akijitolea kwenye jiko la kulisha maskini. Aliona chakula kizuri kikitupwa na maduka, akapata jengo la parokia lililokuwa halitumiki, akaligeuza ghala: mwenye ziada aweke, mwenye kulisha watu aje achukue. Kwetu Kenya, Food Banking Kenya yenye makao Nairobi hukusanya mboga na matunda yaliyokosa soko na kuyafikisha kwa shule na makao ya watoto. Ya mtaani inaweza kuwa chumba kimoja nyuma ya kanisa. Kinachoifanya benki ni kwamba chakula kinaingia kwa hesabu, kinatoka kwa hesabu, na kinakuwepo hata wakati ambapo hakuna msiba. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 2018, watu walileta chakula bila kusubiri kuombwa. Lakini mama anayefulia watu nguo Section 58, akikosa kibarua wiki mbili mfululizo, hakuna kamera inayokuja kwake.

Hatua ya 1: Jua nani atakula

Kabla hujaomba hata punje, pata orodha ya nyumba. Usiikusanye kwa kutangaza kwenye kipaza sauti, kwa sababu utapata majina ya wasemaji na wenye njaa watabaki kimya. Nenda kwa mhudumu wa afya ya jamii wa eneo hilo. Yeye ndiye anayepita nyumba kwa nyumba. Anajua nyanya anayelea wajukuu watano na anajua nyumba ambayo jiko halijawashwa tangu juzi. Usimwulize ugonjwa wa mtu yeyote, na akianza kukueleza mkatize kwa adabu. Wewe unatafuta nyumba tu, na idadi ya vinywa ndani yake.

Kisha nenda kwa mzee wa Nyumba Kumi umwulize swali lilelile, bila kumwonyesha orodha ya kwanza. Majina yanayotokea kote kuwili yaandikwe. Yanayotokea upande mmoja tu, watu wawili wa kikundi wayatembelee, mmoja wao akiwa mwanamke. Hapo ndipo hutambulikana mpangaji mpya wa Kaptembwa au Rhonda ambaye mzee wa mtaa hajamjua bado, na hapo pia hujulikana shemeji wa mzee aliyepenyezwa. Msihukumu kwa vitu vya nyumba. Televisheni ukutani haimaanishi kuna unga kwenye ndoo; mara nyingi ni mali ya siku ambazo kazi ilikuwepo.

Orodha ikae kwa watu wawili, ifungiwe. Jina, namba ya simu, idadi ya watu, basi. Namba ya kitambulisho hamna kazi nayo, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019 inayotaka msikusanye taarifa msizozihitaji. Kila nyumba ipewe kadi yenye namba, ili siku ya kugawa iitwe namba badala ya jina la baba wa watu.

Sasa hesabu. Mashirika ya misaada hutumia kipimo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Gramu 400 za mahindi, 60 za maharagwe na 25 za mafuta ya kupikia zinamfikisha mtu karibu 1,900. Pengo linalobaki ni la sukari ya chai, maziwa na sukuma wiki. Nyumba ya watu watano kwa wiki moja basi inataka kilo 14 za mahindi, kilo mbili na kidogo za maharagwe, na lita moja ya mafuta. Zidisha mara nyumba 50: kilo 700 za mahindi, ambazo ni karibu gunia nane za kilo 90, kilo 105 za maharagwe, lita 50 za mafuta. Kwa wiki moja tu.

Wengi hushtuka hapo, na ni vizuri washtuke mapema. Chakula kinachotosha nyumba 80 kwa wiki moja kinatosha nyumba 20 kwa wiki nne. Mimi nachagua nyumba 20. Nyumba 80 zinapendeza kwenye picha, lakini wiki nne zinampa mtu nafasi ya kutafuta kibarua bila kukopa unga dukani.

Hatua ya 2: Pata stoo kabla ya tarehe

Chumba kiwe na sakafu ya saruji, paa lisilovuja, mlango wenye kufuli mbili, na funguo zikae kwa watu wawili wasio wa nyumba moja. Wakati wa kukikagua, kikagueni mvua ikinyesha. Stoo nyingi za Nakuru ni kavu kabisa mwezi wa pili na zina dimbwi mwezi wa nne.

Magunia yasilale sakafuni. Tafuteni paleti kwenye maduka ya jumla, au pangeni mbao juu ya matofali, na muache nafasi ya mtu kupita kati ya magunia na ukuta. Panya hupenda gunia lililobanwa ukutani kwa sababu hamwoni anachofanya nyuma yake. Sabuni, mafuta ya taa na dawa za shamba ziwe chumba kingine. Unga hunyonya harufu, na ugali wenye ladha ya sabuni utarudishiwa wewe.

Mahindi yakae mazima, yasagwe yanapokaribia kutoka. Unga wa posho mill hubaki na kiini cha mahindi chenye mafuta, kwa hiyo huchacha haraka kuliko ule wa pakiti. Mkiwa na uwezo, nunueni ile mifuko yenye tabaka za plastiki ndani ambayo hufungwa isipitishe hewa: dumuzi hukosa pumzi humo na hufa bila dawa. Andikeni tarehe ya kuingia kwenye kila gunia kwa kalamu nzito, na cha kwanza kuingia kiwe cha kwanza kutoka.

Hatua ya 3: Karatasi

Hili lipite haraka. Kikundi kisajiliwe katika ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022. Muwe watu kumi au zaidi, na katiba fupi. Akaunti iwe na watia saini watatu. Mkitaka kupitisha kikapu cha pesa hadharani, ulizeni kwanza kuhusu kibali katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, maana kuchangisha umma kuna sheria yake. Kama kutakuwa na matembezi barabarani, pelekeni barua kwa mkuu wa kituo cha polisi. Kwa mikutano ya hadhara na maandamano sheria inataka taarifa ya kati ya siku 3 na siku 14, na hata kama yenu ni shughuli ya hisani tu, nakala yenye muhuri humaliza mabishano barabarani. Chifu aambiwe, hata kwa heshima tu. Mkutano wake ndio tangazo la bei nafuu kuliko yote mtaani.

Hatua ya 4: Sema unachotaka na usichotaka

Ukisema "leteni chochote" utaletewa chochote: tambi za mwaka juzi, makopo yaliyovimba, nusu chupa ya sosi. Omba vitu vinne tu, kwa kipimo ambacho kila mtu anacho nyumbani. Gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka sokoni, ya mahindi makavu. Gorogoro nusu ya maharagwe, ndengu au njahi. Mafuta ya kupikia yaliyofungwa dukani. Chumvi pakiti. Gorogoro ni kipimo kizuri cha kuombea kwa sababu hakimtishi mtu. Anayeona gunia ni kubwa mno kwake hushindwa kabisa kutoa. Ila msipokee kwa gorogoro. Pokeeni kwa mizani, kwa sababu sote tunazijua zile gorogoro za soko zilizobonyezwa kitako.

Halafu kuna vya kukataa, na hapa muwe wakali.

Mahindi yenye unyevu au ukungu yasiingie, hata akileta askofu. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 Ukambani, wengi Makueni na Kitui, na mahindi yenyewe yalikuwa ya nyumbani, yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, kukaanga hakuondoi, na kumpa kuku hakuifanyi ipotee, inahamia tu. Mahindi ya rangi ya waridi, kijani au buluu ni mbegu iliyopakwa dawa. Kila msimu wa kupanda kuna mtu hubakiwa nayo na kuona huruma kuitupa. Mwenye mahindi aliyeyachanganya na dawa ya unga ya kuzuia dumuzi aulizwe aliitia lini na pakiti ilisema asubiri muda gani. Asipokumbuka, mshukuruni na mumrudishie.

Viazi vya kijani mvitupe. Ule ukijani ni dalili ya sumu ambayo kupika hakuimalizi. Kopo lililovimba au kubonyea kwenye mshono lisiingie. Maziwa ya unga ya watoto wachanga msiyapokee kama mchango. Kenya ina sheria ya 2012 inayodhibiti bidhaa hizo, na zaidi ya sheria, mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kopo mbili za msaada atakunywa nini kopo zikiisha? Chakula kilichopikwa kiacheni pia, isipokuwa mna jiko lililokaguliwa na wapishi wenye cheti cha afya, ambacho hupimwa upya kila miezi sita. Hilo ni jambo zuri lakini ni mradi mwingine.

Hatua ya 5: Chagua tukio linalolingana na chakula

Sasa ndipo uruhusiwe kufikiria tukio. Wakati ni nusu ya kazi. Mwezi wa kwanza achana nao, karo zimemmaliza kila mtu. Chagueni wikendi ya kwanza baada ya mishahara, tarehe 30 hadi 5. Na mkumbuke kwamba msimu wa kupewa na msimu wa njaa haukutani: Nakuru mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, wakati nyumba za mtaani hubanwa kuanzia Aprili hadi Julai, akiba imeisha na mahindi mapya bado yako shambani. Kazi ya stoo ni kuvusha chakula kutoka msimu ule hadi huu. Kwa hiyo nafaka ziombwe Novemba, na mafuta na chumvi mnaweza kuomba mwaka mzima.

Mechi ya mpira ni tukio rahisi. Uwanja wa shule kwa barua ya mwalimu mkuu, timu nane za mtaa, kila timu inaingia kwa gorogoro tano za maharagwe, mtazamaji anaingia kwa pakiti ya unga. Zawadi iwe mpira na jezi, isiwe pesa. Kwenye pesa huja ugomvi wa refa.

Ibada ni rahisi zaidi ya hapo, lakini msitegemee kanisa moja. Kanisa, msikiti na hekalu wapewe wikendi moja, kila mmoja aletewe mizani yake, jumla itangazwe pamoja. Ushindani mdogo wa kiungwana haudhuru, na Waislamu wa Bondeni hawatashindwa na Wakatoliki hivihivi.

Wakulima Market ni habari nyingine, na napenda sana njia hii ingawa ina masharti. Ikifika saa kumi na moja jioni, mboga ambazo hazitauzwa zinajulikana. Kabichi zilizopasuka, nyanya zilizobonyea, karoti zilizovunjika. Wauzaji wenyewe hulipa watu wazitoe. Msiende na barua wala kamera. Nendeni na mifuko ya nyuzi na ufagio; mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na kanjo, yule askari wa kaunti, hatajali kwamba mnafanya kazi ya Mungu. Mazungumzo huwa hivi:

"Shosho, habari ya jioni. Tumetoka kile kikundi cha Bondeni. Kuna kabichi ambazo hazitafika kesho?"

"Zile za kando. Hizi za juu mziache, za asubuhi hizo."

"Sawa, shosho. Tutachukua ulizotuonyesha tu, na tunakufagilia hapa mbele."

Ufagio ndio unaowafungulia njia wiki ijayo. Muuzaji aliyeachiwa kibanda kisafi atawawekea kando kabla hamjafika. Sharti lenyewe ni moja: mboga isilale stooni. Kabla hamjaingia sokoni muwe mmeshapiga simu kwa makao ya watoto au shule itakayopika usiku huo au asubuhi, na mkokoteni uwe unasubiri langoni. Kama hakuna jiko linalosubiri, msikusanye. Kuhamisha taka kutoka sokoni hadi kanisani hakumsaidii mtu.

Na kuna shamba. Ukipanda juu Molo, Mau Narok, Elburgon au Dundori wakati wa kuchimba viazi, dalali huchukua vikubwa na kuacha vidogo. Bei ikianguka huacha hata vikubwa. Mwombe mwenye shamba mwenyewe, usimalizane na kibarua, na mpatane kwa simu siku ambayo wachimbaji watakuwa wamemaliza ili msionekane mnanyang'anya watu kazi. Bebeni jembe uma, gambuti na magunia yenu. Viazi visioshwe, udongo uliokauka unavilinda, maji yanaviozesha. Vikifika stooni viwe gizani, na vilivyokatwa na jembe viliwe kwanza. Vijana kumi na watano wakijituma watarudi na gari dogo limejaa, na watakuwa wamechoka kwa namna ambayo semina ya kujitolea haiwezi kuwafundisha. Nauli ya gari mlipe kutoka mfuko wa kikundi, na ijulikane mapema nani anailipa. Dereva wa Probox aliyeambiwa "tutaona" hatarudi mara ya pili.

Neno moja kuhusu mheshimiwa. Atakuja, hata asipoalikwa, na uchaguzi ukikaribia watakuja watatu. Pokeeni chakula chao kama cha kila mtu: kipimwe mezani, kiandikwe kwa kilo, pakiti yenye picha yake ifunguliwe na unga uhamishiwe kwenye gunia la kawaida. Dakika mbili za kusalimu watu, baada ya mizani na siyo kabla. Akikasirika aende na unga wake. Nyumba 20 zenu zina wapiga kura wa kila chama, na siku zikianza kuamini kwamba stoo ni ya mtu fulani, nusu yao wataona aibu kuja.

Hatua ya 6: Wagawie watu kazi, na siyo vyeo

Mwenyekiti, makamu, mratibu mkuu na naibu wake hawabebi gunia. Mnahitaji mtu wa kupokea na kukagua, mtu wa mizani, mwandishi, wabebaji wanne, mmoja wa mlango wa stoo, na mmoja wa simu anayejibu wanaopotea njia. Mkaguzi awe mtu anayejua nafaka. Kama mna mama aliyewahi kuuza mahindi, mpeni kiti hicho na msimwingilie. Atatia mkono ndani ya gunia, aume punje mbili, na awaambie zimekauka au bado. Madalali hutumia bambo kuchomoa punje za katikati ya gunia, na mkiweza kuazima moja itawaonyesha yaliyofichwa chini ya mahindi mazuri ya juu.

Wanaojitolea waambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kijana aliyeahidiwa "asubuhi tu" na akashikiliwa mpaka giza hatapokea simu yako tena. Chai na mandazi ziwepo, ila zitoke kwenye mchango wa wanachama. Kitu kimoja kikitolewa stooni kwa ajili ya wahudumu, hata sukari, daftari lote linapoteza maana.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Meza ya mizani iwekwe mahali ambapo kila anayeingia anaiona. Juu yake kuwe na daftari lenye safu nne: nani ameleta, nini, kilo ngapi, sahihi ya mwandishi. Asiyetaka jina liandikwe aandikwe "rafiki". Ubao mkubwa nyuma ya meza uonyeshe jumla inavyopanda, na uandikwe upya kila saa. Ubao huo unavuta watu kuliko MC.

Mahindi yanayotiliwa shaka yapimwe kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyokauka kabisa. Tia punje hadi robo ya chupa, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Ikianguka chini yote na kuacha kioo kisafi, yako chini ya hapo. Lakini kwa stoo tunataka asilimia 13.5, kwa hiyo hata yaliyofaulu yaanikwe siku mbili tatu juu ya turubai kabla ya kufungwa. Msiyaanike udongoni, ukungu hutoka huko. Jaribio hili pia huondoa aibu ya kumkatalia mtu: yeye mwenyewe anaona chumvi imeganda kwenye kioo, hakuna aliyemdharau.

Saa nane mchana fungeni mapokezi. Jueni kwamba baada ya hapo mtapakia, mtabeba, mtapima tena mlangoni mwa stoo, na uzito wa pili lazima ukubaliane na wa kwanza. Ukipungua kilo tatu nne ni mizani. Ukipungua gunia, msilale bila kulitafuta.

Hatua ya 8: Kugawa

Kugawa kusiwe siku moja na tukio. Muziki umezimwa, wageni wamekwenda, mnapigia nyumba simu kwa zamu: tano saa mbili asubuhi, tano saa tatu. Foleni ndefu mbele ya kanisa ni tangazo la umaskini wa watu, na nyanya wa miaka sabini hastahili kusimama juani ili kikundi kionekane kina kazi. Mgonjwa na mzee wapelekewe nyumbani, jioni, kwa mfuko usio na maandishi.

Mpokeeni mtu kama mgeni. "Karibu mama, kaa hapa," kisha namba ya kadi, kisha chakula chake kipimwe mbele yake, na aulizwe kama ana kitu angependa kubadilisha. Asiye na meno aongezewe ndengu mahali pa maharagwe magumu. Asiye na makaa ya kuchemshia githeri saa tatu apewe unga. Hilo la makaa husahaulika kila mara. Maharagwe makavu ni chakula kwa mwenye moto tu.

Picha za wanaopokea hazipigwi. Mfadhili akitaka ushahidi, mpigieni picha daftari, mizani na stoo iliyopangwa. Na kama mtu mwenyewe anataka kusema neno, aseme kwa hiari yake baada ya kupokea, asiwe anajibu akiwa ameushika mfuko.

Hatua ya 9: Hesabu hadharani

Ndani ya wiki moja bandikeni karatasi kwenye mlango wa kanisa, msikiti, posho mill na ofisi ya chifu. Kilo zilizoingia, kilo zilizotoka, nyumba ngapi, kilo zilizokataliwa na kwa nini, kilichobaki stooni, na pesa zilizotumika kwa usafiri hadi shilingi ya mwisho. Majina ya waliopokea yasiwepo. Wekeni namba ya simu ya mkaguzi ambaye hana ufunguo wa stoo, ili mwenye malalamiko awe na mahali pa kupeleka.

Mwambieni pia kila aliyetoa kitu kikubwa kilikwenda wapi: mkulima wa Dundori apigiwe simu aambiwe viazi vyake vililiwa shule gani, timu ya mpira iambiwe maharagwe yao yalitosha nyumba ngapi. Magunia matupu yakung'utwe nje ya stoo, yaanikwe, yahesabiwe na kurudishwa kwa wenyewe.

Tarehe ya mchango unaofuata ipangwe kabla viti havijarudishwa, wahudumu wakiwa bado wapo. Kama wa kwanza ulikuwa Novemba wa mahindi, wa pili uwe Agosti. Maharagwe yatakuwa yametoka shambani, gorogoro imeshuka bei, na mama wa mizani anapaswa kuambiwa sasa ili asipange harusi siku hiyo.